Nati Mpya, Plei Ileile: Kisa cha Lethi ya Zamani Kisumu

Hiki ni kisa cha karakana moja hapa Kisumu, sio mbali na Kibuye. Jina la mwenyewe nimetoa, na aina ya mashine pia nimetoa juu ziko chache sana mtaani, nikiitaja tu kila fundi atajua ni kwa nani. Mimi niliitwa katikati ya mambo, wakati kosa la kwanza lilikuwa limeshafanyika na pesa imeshalipwa. Vipimo ni vile tulivyoandika kwa daftari siku hizo, hata vile vya kutuaibisha.

Mashine na kazi yake

Lethi, ile mashine inayozungusha chuma kisu kikikichonga, ni ya Uingereza, ya zamani, chuma kizito, ile ukigonga bedi inalia kama reli. Mzee aliinunua kwa mnada wa kiwanda kilichofungwa na imemlisha miaka mingi. Kazi zake ni zile za huku kwetu: shafti za posho mill, bushi za trela za miwa zinazotoka upande wa Chemelil na Muhoroni, na shafti za propela za boti za wavuvi. Sio kazi za ndege, lakini beringi haijui kama iko kwa ndege ama kwa posho mill, ikilegea imelegea.

Kila kitu kwa hiyo mashine ni inchi. Gia boksi inasoma nyuzi, zile thredi za skrubu, kwa inchi, na ringi ya handeli ya krosi slaidi, ile sehemu inayoingiza na kutoa kisu, ina mistari 100, kila mstari thau moja, yaani sehemu ya elfu ya inchi. Kumbuka hiyo ringi, maana jibu la kisa chote lilikuwa limechongwa hapo tangu mashine itoke kiwandani na hakuna aliyelisoma.

Shida ilikuwa plei, yaani ulegevu, kwa krosi slaidi. Unazungusha handeli robo duara nzima na kisu hakijasonga popote. Robo ya mistari 100 ni thau 25, yaani zaidi ya nusu milimita. Mzee mwenyewe alikuwa ameshazoea, mkono wake unajua kurudi nyuma kupita alama halafu kuingia mbele tena, kama mtu anayejua mlango wake wa nyumbani unafunguka kwa teke. Lakini kijana wake hakuwa na huo mkono. Siku moja anakata groovu kwa shafti ya boti, kisu kikashika, na kwa sababu slaidi ilikuwa huru kwa nusu milimita, kazi ikakivuta ndani yenyewe. Shafti ikaharibika, mwenye boti akaja na maneno yake, na hapo ndio mzee akasema sasa basi, nati ibadilishwe.

Nati ya kwanza

Nati ya krosi slaidi ni kale kakipande ka bronzi kanakokaa chini ya slaidi, skrubu inapita ndani yake. Ikiisha ndio plei inakuja. Mzee akaifungua, akampa kijana aipeleke kwa fundi mwingine mwenye lethi mpya ya milimita, akamwambia nitengenezee kama hii.

Na yule fundi akatengeneza kama hiyo, na shida yote ilianzia kwa hilo neno "kama hii".

Alipima thredi za nati iliyokwisha kwa vernia, kile kipimo cha mkono cha kushika kazi, jino moja mpaka lingine. Kwa nati ya kuisha meno yamekuwa makali kama ya papa, huwezi kupata ukingo wa kushika vernia, kwa hivyo alipata 2.5 na kidogo. Mashine yake inakata 2.5. Akakata 2.5, thredi ya kushoto vile inavyotakiwa, kazi safi, bronzi inang'aa. Shilingi 4,500.

Kurudi nyumbani, nati ikaingia kwa skrubu nyuzi tatu nne ikakwama. Kijana akampigia fundi, na fundi akasema kitu ambacho nimesikia mara nyingi sana na kila mara tumbo linanikata: weka grainding pesti, izungushe pole pole mbele na nyuma, itajipata. Wakaweka ile pesti ya kusagia valvu. Wakazungusha mchana mzima. Ikajipata kweli, ikapita.

Siku ya kwanza wote walifurahi, plei hakuna kabisa, handeli ngumu kidogo lakini tamu. Wiki ya tatu plei ikawa thau 36. Mbaya kuliko ile nati ya zamani.

Kupima upya

Hapo ndio nikaitwa, na mimi nilikuja na daftari na vernia ya kawaida tu. Kitu cha kwanza sikupima nati. Niliangalia ringi. Mistari 100, thau 100 kwa mzunguko mmoja, maana yake skrubu inasonga sehemu ya kumi ya inchi kila mzunguko: nyuzi 10 kwa inchi. Hiyo ni 2.54 mm, sio 2.5.

Kijana akaniuliza, omera, yani 0.04 ndio imeleta haya yote? Nikamwambia hesabu meno. Nati ina urefu wa inchi moja na nusu, hizo ni nyuzi 15. Kila uzi unakosea 0.04, ukifika wa kumi na tano umekosea 0.6 mm. Na uzi wenyewe kwa katikati yake una unene wa karibu 1.27 tu. Ndio maana ilikwama uzi wa nne.

Kisha tukathibitisha kwa skrubu. Kwa kawaida skrubu ya krosi slaidi ina sehemu ambayo nati haifikagi, kwa ncha ya mwisho, pale thredi bado ni za ujana. Tukapima pale, nyuzi kumi kwa pamoja badala ya moja. Tukapata 25.4. Ingekuwa ya milimita ingesoma 25.0, na hiyo tofauti ya 0.4 hata vernia ya bei rahisi inaiona bila miwani.

Halafu swali la pili: plei ni ya nati ama ya skrubu? Hapa bahati ilitusaidia. Nati ya zamani, ile original, kijana alikuwa ameitupa kwa debe la skrapu na yule wa kununua skrapu alikuwa hajapita wiki hiyo. Tukaiosha, tukaiweka kwa skrubu pale kwa ncha isiyotumika: plei thau 15. Tukaisogeza katikati, pale kazi nyingi inafanyika: thau 31. Nati ni ileile, kwa hivyo zile 15 ni zake, na zile 16 zinazoongezeka ni za skrubu. Ukumbuke kabla ya haya yote plei ya katikati ilikuwa 25, yaani skrubu ilikuwa imekula 10. Zile 6 zingine ni kazi ya pesti kwa wiki tatu.

Tuliamua nini na kwa nini

Njia zilikuwa nne, na tulibishana chai mbili.

Ya kwanza ilikuwa kuagiza kutoka Uingereza, spea ya mtumba. Mzee aliikataa haraka. Usafiri, ushuru, kungoja, na mwisho unaletewa nati ya mashine nyingine iliyofanya kazi miaka ileile kama yako.

Ya pili, nati mpya peke yake, safari hii kwa kipimo sawa. Hii ndio rahisi na ndio wengi wanafanya. Lakini skrubu imeisha katikati na ni nzima nchani. Ukitengeneza nati ya kukaa vizuri katikati itakwama nchani, ukitengeneza ya kupita nchani, katikati bado una thau 16 za plei. Hakuna nati ya kutibu skrubu.

Ya tatu ilitoka kwa yule fundi wa kwanza, na nitakuwa mkweli, ilivutia. Alisema leteni na skrubu, nitawakatia zote mbili 2.5, zitashikana kama mume na bibi. Na angekuwa sawa, zingeshikana. Lakini ringi ingeanza kudanganya. Chukua mfano unataka kupunguza shafti 10 mm kwa kipenyo, kisu kiingie 5 mm. Ukifuata mistari ya ringi, kisu kitaingia 4.92, na shafti itabaki nene kwa karibu 0.16. Beringi haiingii hapo. Mzee angejifunza kurekebisha kichwani, sawa, kijana je? Na atakayekuja baada ya kijana?

Kwa hivyo tukaenda na ya nne: skrubu na nati zote mpya, zote nyuzi 10 kwa inchi, na zikatwe kwa mashine hiyohiyo mgonjwa.

Najua hiyo ya mwisho inashangaza. Unatumiaje krosi slaidi mbovu kutengeneza krosi slaidi? Sababu ni kwamba urefu wa uzi hautoki kwa krosi slaidi, unatoka kwa skrubu ndefu ya mbele ya mashine na gia boksi, na hizo zilikuwa nzima, na zinaongea inchi lugha ya mama. Krosi slaidi kazi yake hapo ni kuingia na kutoka tu, na ukiingia kila mara kutoka upande mmoja plei haikudhuru. Tukarudisha nati ya zamani ndani na mashine ikaanza kujizaa.

Kazi yenyewe

Skrubu tulikata kwa EN8, chuma cha kawaida cha shafti. Chuma chembamba cha inchi 5/8 na kirefu hivyo kinapinda mbele ya kisu, kwa hivyo tulifunga ile stedi inayofuata kisu nyuma. Kisu tulinoa wenyewe kwa HSS, chuma kigumu cha visu, pembe tukichukua kwa zile thredi nzima za nchani mwa skrubu ya zamani, kwa sababu thredi ya Acme ya mashine za inchi ni digrii 29 na ile ya milimita ni 30. Ncha ya kisu kama 0.8 mm, kina cha uzi thau 60. Thredi ya kushoto inakatwa ukitoka kwa chaki, pale kazi inaposhikwa, ukielekea teilstoki, ule mwisho wa kulia wa mashine, na jambo la kijana siku ya kwanza lilikuwa kusahau hilo na kuanza upande wa kulia. Chuma cha kwanza kikaenda hivyo. Hatukumgombeza sana, mzee alisema na yeye alishafanya hivyo mara mbili.

Kabla ya kubadilisha seti ya gia au kisu, tukakata pia tapu, kile kifaa cha kukata thredi ndani ya shimo. Shimo la nati ni kama 13.3 mm, na kukata thredi ndani ya shimo dogo hivyo kwa boringi baa nyembamba, kwa mashine yenye plei, ni kutafuta machozi. Tapu ikatoka kwa kipande cha hafu shafti ya gari, ikakatwa na kisu kilekile kwa gia zilezile, kwa hivyo tapu na skrubu ni ndugu wa tumbo moja. Tukaipa thau chache zaidi ya skrubu ndio nati ipumue. Mbele tukaichonga mteremko mrefu, meno ya kwanza yaume kidogo tu, halafu mifereji minne kwa grainda na faili.

Kuikaza: jiko la makaa na feni, mpaka sumaku ikatae kushika chuma. Tapu ya kwanza mzee aliitumbukiza kwa maji. Ikalia tii, na ufa ukaonekana kutoka juu hadi chini. Ya pili tukaitumbukiza kwa oil, ikakaa. Tukaisugua ing'ae na kuipasha polepole mpaka ikapata rangi ya nyasi kavu, basi. Kwa nati moja ya bronzi inatosha kabisa.

Bronzi nayo ina hadithi yake. Kwanza tulijaribu kuyeyusha, mabomba ya maji na vipande vya propela, ikamwagwa kwa mchanga. Kipande kilitoka kizuri nje, kukitoboa ndani kumejaa matundu kama mandazi. Kuna mtu alituletea bushi nzito nzuri sana bila maelezo ya imetoka wapi, mzee akamrudisha nayo. Sio utakatifu peke yake. Tangu sheria ya vyuma chakavu ya 2015, na hasa baada ya ile marufuku ya Januari mpaka Mei 2022, kipande cha bronzi cha ukubwa huo bila karatasi kinaweza kukufanya ueleze vitu ambavyo hujui. Mwishowe tukaagiza kipande cha fimbo ya bronzi kutoka Nairobi, kikaja na basi, 3,800.

Nati tuliichonga nje kwanza, tukaifunga mahali pake chini ya slaidi bila shimo, halafu tukapitisha fimbo yenye ncha kali kupitia kwa bushi ya mbele pale skrubu inapoingilia, ikaweka alama kwa bronzi. Shimo likafuata alama. Tapu ikaingizwa kwa mkono kwenye vaisi, mzunguko mbele nusu nyuma, na mafuta. Kisha tukakata nati kwa hakisoo katikati, sio mpaka mwisho, na kuweka skrubu ndogo ya kusukuma hizo nusu mbili zitengane kidogo. Ikianza kuisha unaikaza hapo, plei inarudi chini.

Kilichobaki ni kichwa cha skrubu ya zamani, upande wa handeli, ambacho kina kigia cha kuendesha slaidi yenyewe. Hicho hatukutaka kutengeneza upya. Ilibidi tukikate, kitobolewe katikati sawasawa na thredi mpya iingizwe kwa pini. Lakini sasa lethi ya mzee imefunguliwa, haina krosi slaidi. Kwa hivyo kijana alienda kwa nani? Kwa fundi yuleyule wa nati ya kwanza. Shimo la duara halina habari na inchi wala milimita, na lethi yake ni mpya, ilitoboa katikati kabisa. Hakutaka pesa.

Matokeo

Kufunga mara ya kwanza, handeli ilizunguka kama siagi mpaka slaidi ikaribie mbele, halafu ikawa ngumu. Shimo la nati lilikuwa juu kwa karibu 0.3 mm, ile fimbo ya alama ilicheza kwa bushi iliyochakaa. Slaidi ikiwa mbali skrubu inajipinda kidogo na hulioni kosa, ikiwa karibu haina pa kujipindia. Tukakata mkebe wa soda, bati lake ni kama 0.1, tabaka tatu kati ya nati na slaidi, na ugumu ukaisha. Mzee hakufurahia soda kuwa ndani ya mashine yake lakini bado iko.

Plei: thau 4. Kwa saa ya kupimia, mizunguko kumi ya handeli ilitupa inchi moja bila tofauti tuliyoweza kuiona. Kazi ilichukua siku tisa, kati ya hizo tatu ni za vitu vilivyoharibika.

Uchambuzi

Kosa kubwa halikuwa la yule fundi wa kwanza, ingawa mtaani ndio amebebeshwa. Alipewa kitu kilichokwisha na akaambiwa atengeneze kama hicho. Mwenye mashine hakumwambia ni ya inchi, na hakumpa skrubu ilinganishwe. Fundi naye angeuliza mashine inatoka wapi. Angepima nyuzi kumi angejua kwa nusu dakika. Wote wawili walinyamaza, kila mmoja akidhani mwenzake anajua.

Ile pesti inahitaji maneno yake. Watu wanafikiri inakula kote sawa. Bronzi ni laini, chembe za pesti zinazama ndani yake na kukaa humo kama msasa, halafu ni skrubu, chuma kigumu, ndio inaliwa. Unaweza kuosha na petroli mara tano na bado ziko. Na ile furaha ya siku ya kwanza, plei sifuri, ilikuwa ishara mbaya yenyewe: nati ya kipimo kibaya inashika kwa uzi wa kwanza upande mmoja na uzi wa mwisho upande wa pili, katikati zote ziko hewani. Kwa hivyo haichezi, lakini nyuzi mbili ndio zinabeba kazi ya kumi na tano. Lazima ziishe haraka.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni ule ujinga wa kuweka nati moja mahali pawili. Haukugharimu kitu, na bila huo tungetengeneza nati peke yake na kurudi tena hapa baada ya mwezi. Kukata tapu na skrubu kwa seti moja pia, hilo ningerudia kesho. Kutumia mashine mbovu kujitengeneza kulikuwa sawa kwa kazi hii tu. Ingekuwa ni skrubu ndefu ya mbele ndio imeisha, njia hiyo ingenakili ugonjwa wake kwa kila uzi mpya, na hapo ingebidi tuombe mashine ya mtu.

Tulichokosea sisi: tulianza kuyeyusha bronzi kwa kuogopa bei ya fimbo, na makaa, siku na mabomba yale vilikaribia hiyo bei hata hivyo. Na bushi ya mbele tungeibadilisha kwanza kabla ya kuitumia kama njia ya kuweka alama. Tuliiona imechakaa. Tuliona, tukasema itatosha.

Topu slaidi, ile slaidi ndogo ya juu, ndio inafuata, nayo ina plei yake thau 12. Kijana ameshapima skrubu yake nyuzi kumi nchani, ameandika kwa ukuta na chaki, na nati ya zamani amefungia kwa kabati la mzee ili wa skrapu asiione.